Mzee wa Korido na Simu za Nyumba Kubwa

Akitumwa neno, hakulifikisha moja kwa moja. Alitembea nalo kwanza. Pale korido ilipokata kona, kando ya dirisha lililotazama mlima Menengai, alisimama, akashusha pumzi, akaweka sawa mshipi wake mwekundu juu ya kanzu, ndipo akaendelea. Sisi tuliofanya kazi katika nyumba ile tulijua kwamba neno lililofika kwenye kona ile silo lililotoka upande wa pili.

Bwana angesema kutoka ofisini kwake, kwa Kiswahili chake cha masetla, wazungu wa mashamba, "Ambia ile mjinga ya jikoni, supu yake ni maji ya kuosha sahani." Jikoni neno lingeingia hivi: "Mpishi, Bwana anauliza kama leo chumvi ilikuwa imeisha." Naye mpishi, ambaye hakuwahi kuumbiwa ulimi wa kuogopa mtu, angejibu, "Mwambie aje apike mwenyewe!" Mzee angegeuka, angetembea tena njia ile ndefu, na ofisini jibu lingefika: "Mpishi anasema pole, Bwana. Kesho itakuwa nzuri."

Tulimwita Mzee wa Korido. Jina alikuwa nalo, lilikuwa kwenye kipande chake, kitambulisho cha kazi, lakini sikumsikia mtu akilitumia. Hata mke wake alimwita Mzee.

Nyumba yenyewe ilikuwa juu ya Njoro, kwenye njia ya kwenda Molo, mahali ambapo baridi huingia kwenye mifupa na kukaa. Baba yake Bwana ndiye aliyeijenga, na kila ngano ilipofanya vizuri aliongeza upande mwingine, bila kuuliza nani atafagia huko. Ofisi ilikuwa mwisho huu, jikoni mwisho ule, nje kabisa, na kati yao vyumba vya wageni ambavyo vingine havikufunguliwa mwaka mzima. Upande wa mashariki alikaa mama yake Bwana, mama mkongwe aliyepooza mguu. Zamani kulikuwa na kengele za kuvuta kwa waya. Panya walikula waya, kengele zikanyamaza, na tangu siku hiyo Mzee akawa ndiye kengele.

Mimi nilikuwa yaya wa watoto. Nilitoka Elburgon nikiwa msichana mkubwa tu, na yeye ndiye aliyenionyesha kazi. Hakunifundisha mengi. Aliniambia, "Hapa usikimbie hata nyumba ikishika moto. Ukikimbia, watajua unaweza." Siku nyingine, niliporudi nikilia kwa sababu Memsahib, mke wa Bwana, amenifokea juu ya soksi za mtoto, alisema, "Hasira ya mkubwa ni kama ukungu wa Molo. Hakuna kubishana nao. Ngoja jua."

Alipenda kuwa safi kupita kiasi. Kanzu yake aliipiga pasi mwenyewe, hakumwachia dobi. Alivuta ugoro kwa siri nyuma ya zizi la ndama, na akirudi alinuka mkaratusi, kwa sababu alisugua majani yake viganjani ili Memsahib asijue. Memsahib alijua. Kiingereza Mzee alikisikia vizuri kuliko sisi wote, lakini mbele ya wazungu alijifanya jiwe, na wao wakamwaga siri zao mbele yake kama watu walio peke yao. Hakuna siri hata moja niliyowahi kuisikia kutoka kinywani mwake. Nilijaribu mara nyingi kumchokonoa. Aliniangalia tu kama mtu anayemtazama kuku.

Lakini usifikiri alikuwa malaika. Nyumbani kwake, kwenye laini ya wafanyakazi, alikuwa mtu mwingine. Mke wake aliniambia tukiwa mtoni, huku akikamua shuka, "Wewe unamwona akiwa na maneno matamu. Akifika kwangu yameisha yote. Kwangu ananyoosha mkono tu, nimpe chakula." Mtoto wake wa kiume alikwenda Nakuru kutafuta kazi, akaandamwa na shida, akarudi kuomba msaada. Mzee alimsikiliza mlangoni bila kumkaribisha ndani, kisha akasema, "Umekula?" Kijana akasema bado. "Basi kula uende." Hayo tu. Mtu aliyeweza kulainisha matusi ya Bwana hakupata neno moja laini la kumwambia mwanawe.

Na uongo wake haukuwa mzuri kila mara. Mama yake Bwana alikuwa akimtuma kumwita mwanawe aje kunywa chai naye. Bwana alijibu bila kuinua macho, "Sema mimi nakwisha toka." Mzee alirudi akasema, "Bwana anakuja, Memsahib. Amechelewa kidogo, ng'ombe anazaa." Basi mama yule alivaa shali yake ya bluu, akageuziwa kiti kielekee mlango, akangoja. Chai ilipoa. Mimi niliondoa vikombe mara nyingi bila hata kimoja kuguswa. Mara moja nilimwambia Mzee kwamba ni afadhali aambiwe ukweli alale mapema. Akanijibu kwa ukali, "Nenda wewe ukamwambie." Sikuenda.

Siku moja mama yule alinishika mkono nikimfunika miguu. "Ile mzee nasema uongo," aliniambia polepole. "Mimi najua. Hapana ambia yeye."

Halafu zikaja siku za hali ya hatari, serikali ikiwasaka wapiganaji wa Kikuyu msituni, na nyumba yote ikachoka. Bwana alilala na bunduki. Milango ilifungwa kabla ya giza, sisi tukatolewa nje, na anayetaka kitu baada ya hapo alipiga kelele kutoka dirisha moja mpaka jingine. Mashambani Wakikuyu wengi walipakiwa kwenye malori wakapelekwa rizavu, sehemu waliyotengewa na serikali, watu waliokuwa wamezaliwa hapo hapo na hawakuijua hata njia ya huko. Mpishi wetu alikuwa Mkikuyu. Alibaki kwa sababu Bwana alimwandikia karatasi ya kumdhamini, na Bwana alimwandikia kwa sababu hakuna mwingine aliyejua kuoka mikate vile alivyoipenda. Mpishi alikaa na mkewe Wanjiru na watoto wao nyuma ya jikoni. Wote walijua wanaishi kwa karatasi ile. Mpishi mwenyewe ndiye aliyesahau mara kwa mara, hasa akiwa na moto mbele yake.

Mimi nilishuhudia Bwana akimfukuza mpishi zaidi ya mara moja, na mpishi hakuwahi kujua. Bwana alisema, "Ambia yeye kufunga vitu yake na kwenda!" Mzee aliinama, akatoka, akafika kwenye kona yake, akasimama. Safari hizo hakuendelea jikoni. Alikaa pale akitazama nje mpaka alipomsikia Bwana akiita chai. Akamletea. Bwana akanywa, akala mkate, akauliza, "Wewe naambia mpishi?" Mzee akajibu, "Bado, Bwana, alikuwa anaoka." Naye Bwana akasema, "Haya. Wacha," akarudi kwenye kazi zake.

Kazi hiyo ilimla. Miguu yake ilivimba mpaka akaacha viatu kabisa, akatembea peku juu ya sakafu baridi. Jioni nilimwona ameketi kwenye ngazi ya nyuma, miguu ndani ya karai la maji ya chumvi, macho ameyafumba. Nikimsalimia, "Mzee, habari ya leo?" alijibu, "Ya leo imeisha. Uliza ya kesho." Hakuwa akitania.

Bwana ndiye aliyeamua kuleta simu za ndani. Ile ya kupigia watu wa nje ilikuwepo ofisini, ya kuzungusha mkono, lakini alitaka kila upande wa nyumba uweze kusema na mwingine, kama vile ofisi kubwa za mjini. Alisema ni kwa usalama. Akaja mzungu wa simu kutoka Nairobi, mtu mwekundu mwenye suti nzito, akapanga mitambo miwili juu ya meza ya kulia chakula. Tuliitwa wote kutazama, kwa sababu ni sisi ambao tungeitumia.

Wa kwanza ulikuwa ubao wa mbao wenye matundu na kamba. Mtu akiinua simu chumbani kwake, kijifuniko kidogo kinaanguka kwenye ubao, na mtu anayekaa hapo anauliza, "Unamtaka nani?" kisha anachomeka kamba kwenye tundu la huyo anayetakiwa. Ni kama ule uliokuwa katika hoteli kubwa ya mjini Nakuru, na Memsahib aliupenda mara moja. Alisema Mzee anaweza kufundishwa kukaa hapo, na nyumba itakuwa na heshima.

Wa pili haukuwa na ubao. Kila simu ilikuwa na safu ya vifungo. Ukibonyeza kifungo cha jikoni, jikoni inalia. Bwana aliupenda huo. "Mimi nataka mtu, mimi napata yeye sasa hivi," alisema.

Wakabishana kwa Kiingereza mbele yetu. Memsahib alisema hataki kengele zinazolia ovyo kila kona. Bwana alisema hataki kungoja mtu amuulize anamtaka nani ndani ya nyumba yake mwenyewe. Yule mzungu wa simu alitabasamu, kwake yote yalikuwa biashara. Mwishowe Bwana, nadhani ili kumaliza maneno, alimgeukia Mzee.

"Wewe natembea yote siku," alisema. "Wewe naona gani nzuri?"

Nilidhani ni mzaha. Lakini Bwana alikuwa anangoja jibu, na Memsahib pia. Mzee alisogea mezani. Akaugusa ubao, akazigusa kamba. Kisha akakiinua kile chombo cha vifungo akakigeuza upande wa chini, kama mtu anayekagua kuku sokoni.

"Hii ya vifungo," aliuliza, "mtu wa katikati anakaa wapi?"

Yule mgeni alicheka. "Hakuna mtu ya katikati, mzee. Kwisha hiyo kazi."

Niliona vidole vya miguu ya Mzee vikijikunja sakafuni. Mpishi, aliyekuwa amesimama karibu nami na unga mikononi, alininong'oneza, "Atachukua ubao. Apate kiti, mzee wa watu."

"Basi hii ya vifungo, Bwana," Mzee alisema.

Baadaye nilimfuata nyuma ya zizi la ndama. Nilikuwa nimekasirika, sijui kwa nini, labda kwa sababu nilikuwa nimeshamwona amekaa kwenye kile kiti cha ubao, miguu yake imepumzika. "Mzee, wamekupa kazi ya kukaa ukaikataa!"

Alimaliza kwanza ugoro wake. "Msichana, miguu ingekaa," alisema. "Na hiki kichwa je? Kutwa wangekuwa wananimwagia humu. Hawa ni watu wazima. Wana midomo. Nimechoka kubeba maneno ya watu wasiotaka kuambiana wenyewe." Akafuta pua. "Nimechoka tu. Hakuna maana nyingine."

Waya zikapigiliwa ukutani, betri kubwa zikawekwa stoo, na simu zikaanza kulia. Watoto walifurahi, waliita bafuni kutoka chumbani bila sababu. Mzee alipewa kiti pale pale kwenye kona yake, kwa huruma ya Memsahib, na kwa wiki chache alikaa humo kama mgonjwa anayepata nafuu. Uvimbe ulipungua. Alianza hata kuimba kwa sauti ya chini, nyimbo za kanisani.

Mama yake Bwana alibonyeza kifungo cha ofisi siku za kwanza. Nilikuwa naye. Aliinua chombo, akasema jina la mwanawe, akasikiliza. Sauti ya Bwana ilitoka ndani yake, fupi, mpaka mimi niliisikia. Alibonyeza tena siku nyingine, na nyingine. Kisha akaniomba nikiondoe kile chombo, nikiweke juu ya kabati, asikione.

Asubuhi moja nilikuwa jikoni nikipasha uji wa mtoto. Bwana alikuwa ametoka kwenye zizi la juu, ambako ng'ombe wake wawili walikutwa wamekatwa miguu. Sisi tulikuwa hatujasikia bado. Simu ikalia. Mpishi alikuwa na sufuria mkononi, akainua simu akaibana kwa bega.

"Chai!" Bwana alisema. Nilisikia kutoka nilipokuwa.

Mpishi akajibu vile alivyozoea kujibu miaka yote, vile alivyomjibu Mzee. "Ngoja! Maziwa hayajachemka. Chai haipikwi kwa kelele."

Mimi nilijua papo hapo. Bwana hakuwahi hata siku moja kumsikia mpishi wake. Alikuwa amesikia tu yule mpishi wa kwenye korido, anayesema pole, anayesema kesho itakuwa nzuri. Naye mpishi hakuwahi kumsikia Bwana.

"Wewe nasema mimi ngoja?" Sauti ilianza chini, ikapanda. "Wewe na watu yako nakata ng'ombe yangu, halafu wewe nasema mimi ngoja? Toka! Toka kwa shamba yangu leo! Wewe, bibi yako, watoto yako, yote!"

Mpishi aliweka sufuria chini. Alikitazama kile chombo kana kwamba kimemng'ata.

Nilikimbia. Ndiyo, nilikimbia, na kwenye kona nilimkuta Mzee ameshasimama, kwa sababu sauti ya Bwana ilikuwa imepita kwenye kuta zote. "Nenda kwake," nilimwambia. Alienda. Alikwenda haraka kuliko nilivyowahi kumwona, akishika ukuta. Alipofika, Bwana alikuwa tayari anazungusha ile simu ya nje, anawaambia wakubwa wa serikali waje kumchukua mpishi na watu wake, karatasi ya dhamana ameifuta. Mzee alisimama mlangoni na mikono nyuma. "Bwana," alisema. "Bwana, ngojea chai." Bwana alimfungia mlango usoni.

Lori lilikuja mchana. Wanjiru alibeba mtoto mdogo mgongoni na blanketi kichwani, na mpishi alivaa koti lake la Jumapili. Mzee alitoka kwenye baraza akasimama. Mpishi alimpita bila kumtazama. Mlango wa nyuma wa lori ulifungwa kwa komeo, likashuka njia ya Njoro, na vumbi lake likakaa hewani muda mrefu kwa sababu hapakuwa na upepo.

Jioni, hasira ikiwa imeisha, tulisikia simu ikilia jikoni. Ikalia, ikalia. Hapakuwa na mtu. Mzee alikuwa kwenye kiti chake, na kila ilipolia alikaza mikono juu ya magoti. Mwishowe Bwana alitoka ofisini mwenyewe, akapita korido nzima kwa miguu yake, akachungulia jikoni, akaona moto umezimika. Akauliza, "Mpishi wapi?" ingawa alijua. Kesho yake aliendesha gari mpaka kwenye kambi ya Nakuru ambako watu walikusanywa kabla ya kusafirishwa. Akarudi peke yake. Walikuwa wameshapelekwa mbele.

Mzee hakulizungumza jambo hilo na mimi wala na mtu yeyote. Lakini hakukalia tena kile kiti. Alisimama kando yake siku nzima, peku, bila kutumwa, mpaka miguu ikavimba tena, na mvua zilipoanza aliomba ruhusa kwenda kwao. Memsahib alilia. Bwana alimpa koti.

Miaka ya mwisho ya hamsini nilikuwa nimeolewa na mtu wa reli, tunaishi Nakuru kwenye landi, nyumba za wafanyakazi wa reli. Wakati huo masharti yalikuwa yamelegezwa kidogo, na Wakikuyu walikuwa wameanza kurudi kutafuta kazi. Nilisikia mpishi wetu amerudi, anapika kwenye hoteli ndogo mtaa wa Bondeni, ya mabati, karibu na mahali mabasi yanaposimama. Nilipita nikamwona. Nywele zilikuwa nyeupe. Tulisalimiana vizuri, lakini sikumuuliza mengi.

Haukupita muda, nikitoka kanisani, nikamkuta Mzee wa Korido ameketi kwenye ukuta mfupi nje, na fimbo. Alikuwa amehamia kwa binti yake. Tulizungumza habari za watoto na za baridi. Kisha nikamwambia mpishi yuko mjini.

Alishika fimbo yake, akajiinua kutoka ukutani.

"Nipeleke," alisema.

"Leo?"

"Leo, kabla sijapata akili ya kukataa."

Tulitembea polepole. Nilitaka kumpumzisha njiani, akakataa kusimama. Tulipofika, mpishi alikuwa anatoa mandazi kwenye mafuta. Alituona, akaendelea mpaka akamaliza, akafuta mikono, akaja.

"Mzee," alisema.

"Mpishi. Mimi ndiye niliyechagua zile simu. Bwana aliniuliza mbele yako, nikachagua. Nilikuwa nimechoka." Alisema yote kwa mkupuo mmoja. Sikuwahi kumsikia akisema neno bila kulipima.

"Nilikuwepo," mpishi alisema. "Keti."

Mzee akaketi kwenye benchi. Mpishi akamletea chai, akaketi mbele yake, jambo ambalo katika nyumba ile halikuwahi kutokea.

"Mtoto mdogo alifia huko," mpishi alisema. "Yule Wanjiru alimbeba siku ile. Kijijini tulikowekwa hapakuwa na chakula."

Mzee alifungua mdomo. Mpishi akainua mkono. "Usiniambie kitu. Unajua sana kusema. Kunywa chai."

Akanywa. Nami nilikunywa yangu nikitazama mezani. Wateja wakaanza kuingia kutoka kwenye basi, mtu akaita mandazi, na mpishi akainuka. Alipofika mlango wa jikoni aligeuka.

"Kesho uje," alimwambia Mzee. "Uje mapema, kabla watu hawajajaa. Nina mengi. Nataka uyasikie yote, vile yalivyokuwa."

"Nitakuja," Mzee alisema.

Kesho yake nilikuwa naelekea sokoni na kikapu, ukungu haujainuka bado kwenye ziwa la Nakuru. Nilimwona kwa mbali akivuka barabara, anaburuta mguu mmoja, koti lake limefungwa mpaka shingoni. Sikumwita. Alisimama mbele ya ile hoteli ya mabati, akavua kofia, akaingia.